Nani Anakula Maandishi ya Ndalu?

Nyinyi vijana mnaandika jambo kwenye simu mkiwa zizini, na kabla hamjafika barabarani limeshafika kwenye kompyuta ya nyumbani. Mnaniambia limepitia huko juu. Sawa. Mimi huuliza: huko juu ni kwa nani, na likipita, anayelisoma ni nani? Mnacheka. Chekeni tu. Nimepandisha ng'ombe kwa sindano karibu miaka thelathini, kutoka Kitale mpaka Bungoma, na sijawahi kuamini kitu nisichokiona kikiondoka na kikifika. Leo lakini sitaki kuwaambia kwamba nilikuwa sahihi. Nataka kuwaambia jinsi nilivyomharibia jina mtu aliyekuwa mwenzangu wa kazi, kwa sababu ya maandishi yaliyokuwa yakipotea, na sikumharibia faraghani.

Kwanza muelewe kwa nini maandishi ni maisha katika kazi hii. Ng'ombe akionekana na joto la kutaka dume asubuhi, unamhudumia jioni. Akionekana jioni, unamhudumia kesho yake asubuhi. Ukikosea saa hizo, umepoteza mbegu na mwenye ng'ombe amepoteza wiki tatu. Halafu baada ya miezi miwili na kitu unarudi, unaingiza mkono, unapapasa, unaandika: ameshika, au hajashika. Usipoandika, ukikutana na ng'ombe mia moja kabla ya kurudi kwa huyo, utakumbuka nini? Rangi ya mkia?

Mzee Khaemba, aliyenifundisha, hakuwa na daftari. Aliandika kwa mkaa kwenye nguzo ya zizi la mwenye ng'ombe: mstari mmoja alipopandisha, mkato juu yake ng'ombe akishika. Nilimuuliza kwa nini haandiki kwenye karatasi kama watu wa ofisi. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini halali barabarani.

"Karatasi iko na mimi, ng'ombe iko hapa," akasema. "Nikikufa leo njiani, nani atajua hii ni ya mimba?"

Nilimwona mshamba. Nilikuwa kijana, nimetoka kozi, nina kalamu mbili mfukoni.

Baadaye, miaka ya elfu mbili na kitu, nilishirikiana na Wairimu. Jamaa zake walitoka katikati ya nchi wakahamia Trans-Nzoia zamani, yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia Kitale. Alikuwa mpandishaji kama mimi, na mkono wake ulikuwa mzuri, nasema hivyo hata leo. Yeye alikuwa na chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo Kitale, humo ndimo tulimoweka mtungi mkubwa wa mbegu, na pia kompyuta ya mezani. Mimi nilikaa Bungoma na nilizunguka na pikipiki. Nilikuwa na laptopu ya mitumba, nzito, niliyoifunga ndani ya mfuko wa unga ili isirukiwe na matope. Jumatatu nilikuwa Ndalu, Alhamisi Bokoli, siku nyingine kwingine. Kila eneo lilikuwa na faili lake, na jioni nilikaa nikaandika: ng'ombe wa nani, lini, mbegu gani, ameshika au la.

Ijumaa nilipeleka laptopu Kitale. Tuliziunganisha mashine mbili kwa waya, na programu ndogo tuliyowekewa na fundi mmoja wa kompyuta wa Bungoma ilizilinganisha. Kanuni yake ilikuwa rahisi, na niliichagua mimi mwenyewe: faili likiwa pande zote mbili, lenye tarehe ya karibuni lifute la zamani. Kisha Wairimu alifungua kila faili kwenye kompyuta ya mezani, akaweka tarehe za kurudi kukagua kila ng'ombe, akahifadhi. Tulilinganisha tena, ili nami niende na tarehe hizo. Kazi ya nusu saa na chai moja.

Sasa nawaambia tabia yangu, maana bila hiyo hamtaelewa lolote. Sikuwa namwamini mtu na ile laptopu. Ndani yake kulikuwa na majina ya wafugaji wangu wote, na nilijua wapandishaji wengine watatu mjini ambao wangetoa jino ili wayaone. Kwa hiyo kila nilipoizima nilichomoa betri yake kubwa na kuitia mfukoni mwa koti. Asiyekuwa na betri angewashaje? Niliona ni akili kubwa. Mara moja mke wangu, Nasambu, aliloweka koti betri ikiwa ndani, akaitoa povu likimtiririka, akaniuliza kama sasa nimeanza kutembea na matofali. Niliianika juani siku mbili. Ilipona.

Na nikiwa Kitale, niliiweka laptopu mgongo wake ukimwelekea Wairimu. Akikaribia, nilishusha kioo nusu. Sikuwa na sababu. Mkono wenyewe tu ulikuwa unashuka.

Maandishi yalianza kupotea msimu wa mvua. Nilikuwa Ndalu, kwa Mama Nafula, mjane mwenye ng'ombe mmoja mweusi mwenye doa kwenye paji. Alikuwa na kijana wa kuoa, na wakwe walishakubali kwamba ng'ombe huyo ndiye wa kwanza kwenda, lakini aende na mimba. Kwetu ng'ombe mwenye mimba na asiye na mimba hawahesabiwi sawa siku ya mahari, na wazee wanajua kuuliza. Nilimpapasa. Mimba, karibu wiki kumi. Mama Nafula aliinua mikono juu akashukuru Mungu hapo hapo zizini. Niliandika kwenye kadi yake ya karatasi, ile tunayomwachia mfugaji, naye akaifungia kwenye sanduku. Jioni nikaandika kwenye laptopu. Nakumbuka hata kwamba nilikuwa nakula mahindi ya kuchemsha nikapaka vibonyezo chumvi.

Wiki iliyofuata niliugua malaria, nikamwomba Wairimu anishikie Ndalu. Mama Nafula alikuwa amesafiri kwa dada yake. Mtu wa kukamua alimpigia Wairimu simu kwamba yule mweusi analia na kuwapanda wenzake wa jirani. Wairimu akafungua kompyuta ya mezani. Iliandikwa: amepandishwa, bado kukaguliwa. Mambo ya mimba hayakuwamo. Ng'ombe mwenye mimba huweza kuonyesha joto la uongo, na sindano humtoa mimba, kila mpandishaji anajua, lakini maandishi yalisema hajulikani, na ng'ombe alikuwa anarusha mateke, na mvua ilikuwa inakuja. Akampandisha. Siku chache baadaye mimba ikatoka.

Nilipopata habari nilikuwa bado nina kizunguzungu cha dawa. Nikachukua laptopu, nikairudishia betri, nikafungua faili la Ndalu. Ile mistari yangu haikuwamo. Nikatazama wiki ya kabla yake. Pia imepungua. Nikatazama Bokoli: kila kitu kipo. Webuye: kipo. Ndalu peke yake ndiyo iliyoliwa.

Na Ndalu, vijana, ndiko karibu na Kitale. Mtu wa Kitale akitaka kuongeza eneo, atatamani wapi kwanza? Nilikaa kitandani nikiunganisha mambo, na yaliungana vizuri sana. Nani hubaki na faili baada ya kulinganisha? Yeye. Nani hulifungua na kulihifadhi? Yeye. Halafu mfugaji mmoja akaniambia kwa nia njema, "Yule mama wa Kitale alipita hapa juzi, ati anataka kuona kadi yangu." Mwingine pia akasema hivyo. Anakusanya kadi za wafugaji wangu!

Sikumuuliza. Ndilo jambo ninaloona aibu zaidi kulisema, kwamba sikumuuliza hata swali moja. Jumatatu asubuhi nilikwenda kituo cha maziwa cha Ndalu, wakati watu wote wamejipanga na mikebe yao, nikasema kwa sauti kwamba Wairimu anafuta maandishi yangu ili ajichukulie kazi, na kwamba mimba ya ng'ombe wa Mama Nafula imetoka kwa hila hiyo.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Si nilisema? Hao watu ndio walivyo, bana."

Mnajua alimaanisha watu gani: waliohamia kutoka katikati ya nchi, kama jamaa za Wairimu. Siku zile maneno ya aina hiyo yalikuwa yanazunguka kwa urahisi mno upande wetu, na kila mwenye akili aliyaogopa. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, nazungumzia mtu mmoja. Nilinyamaza. Nikapanda pikipiki nikaondoka.

Wairimu hakupigiwa simu tena kutoka Ndalu. Alinipigia yeye mara moja.

"Barasa, nimesikia vile umesema kituoni," akasema. "Kosa langu kwa ile ng'ombe nalikubali. Ningepapasa kwanza, mkono ungeniambia. Lakini sijafuta kitu. Kuja na hiyo laptopu yako tuangalie pamoja."

"Ili umalizie iliyobaki?" nikamjibu, na nikakata.

Nilinunua kompyuta ya mezani yangu, ya mitumba nayo. Niliiweka chumba cha ndani Bungoma, nikaweka kufuli mlangoni, na ufunguo nikauvaa shingoni. Niliweka programu ile ile. Ijumaa nilijifungia humo, nikalinganisha, nikaweka tarehe za kukagua kama Wairimu alivyokuwa akifanya, nikahifadhi, nikalinganisha tena. Nikalala usingizi mtamu.

Wiki ya pili maandishi ya Ndalu yakapotea. Wiki chache baadaye na ya Bokoli yakaanza kupungua.

Wairimu alikuwa Kitale. Kufuli halijaguswa. Mtafikiri hapo nilisimama nikajiuliza mwenyewe. La. Nilimwita Nasambu, nikamkalisha kwenye kiti, nikamuuliza kwa upole wa polisi kama ameingia kile chumba.

"Kufanya nini?" akasema. "Mimi nitafanya nini na mimba za ng'ombe za Ndalu? Nipike?"

"Kuna mtu anaingia."

"Baba Simiyu, ufunguo uko kwa shingo yako. Ukioga unaoga nayo."

Ijumaa iliyofuata niliamua kumshika mwizi kwa macho. Niliketi mbele ya mashine zote mbili, mchana kweupe, mlango umefungwa. Nikafungua faili la Ndalu kwenye laptopu, nikaongeza mstari mmoja mpya: "Mimi Barasa nimeandika hapa leo." Nikahifadhi. Nikabonyeza ya kulinganisha. Nikafungua faili tena. Mstari haukuwepo.

Nilitazama hata nyuma ya kiti. Nikauandika mara ya pili, na safari hii sikulinganisha, nilitazama tu orodha ya mafaili, pale inapoonyesha limeandikwa lini. Laptopu ilisema mstari nilioandika sasa hivi nimeuandika Alhamisi ya wiki iliyopita. Kompyuta ya mezani ilisema faili lake ni la Ijumaa ya wiki iliyopita. Programu ilifanya nilivyoiamuru: la karibuni lifute la zamani. Na kwa hesabu ya laptopu yangu, mimi nilikuwa mtu wa wiki iliyopita.

Saa ile ya pembeni mwa kioo nilikuwa nimeiona ikisema mambo ya ajabu. Lakini ilionyesha saa tu bila tarehe, na ilihesabu kizungu, na mimi nina saa ya mkono. Sikuwahi kuijali.

Nilimpelekea laptopu yule fundi. Akaifungua kwa chini, akanionyesha kibetri cha mviringo, kidogo kama sarafu.

"Hii ndio inakumbuka saa mashine ikizimwa," akasema. "Imechoka. Lakini hata ikichoka, betri kubwa ikiwa ndani inaisaidia. Yako inakuwa wapi usiku?"

"Mfukoni."

"Kila usiku? Kwa nini, mzee?"

"Ili watu wasiiwashe."

Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akanieleza kwamba kila usiku niliochomoa betri, saa ililala kidogo, ikabaki nyuma saa moja, saa mbili. Usiku baada ya usiku zikawa siku. Zilipofika siku tatu na zaidi, nilichoandika Jumatatu kilionekana kimeandikwa kabla ya Ijumaa tuliyolinganisha, kikafutwa. Ndiyo maana ilianza Ndalu. Alhamisi ya Bokoli ilichelewa kuliwa kwa sababu ilikuwa mbali zaidi na Ijumaa iliyopita. Hakukuwa na mtu. Ilikuwa koti langu.

Basi chukueni hili la kazi, kabla sijaendelea. Ukiwa na mashine mbili, kabla ya kuzilinganisha, tazama saa na tarehe za zote mbili. Usiruhusu moja ifute nyingine bila kwanza kuweka nakala ya zote pembeni. Na faili moja liandikwe upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Mimi bado nafanya hivyo, na bado naandika kwenye kadi, na kwenye zizi la mwanangu nina mkaa.

Jumatatu nilirudi kituo cha maziwa cha Ndalu. Nilikwenda saa ile ile, watu wakiwa kwenye foleni, maana niliona aibu kubwa kuliko kusema uongo hadharani ni kuufuta kwa kunong'ona. Nikawaeleza habari za saa na betri. Nikasema Wairimu hana kosa la kufuta chochote, na yule aliyesema "hao watu" nilipaswa kumjibu siku ile na sikumjibu. Yule mtu alikuwepo. Alitazama mkebe wake.

Mama Nafula alitoka kwenye foleni akaja mbele yangu. Ng'ombe wake alikuwa ameshika tena, lakini harusi ilikuwa imesogezwa na wakwe walikuwa wamesema maneno.

"Daktari," akasema, "huyo mama alikuja kwangu. Alikuja kwa wengi hapa. Alikuwa ananakili hizi kadi zetu kwa kitabu, ati kompyuta yenu imekula maandishi ya Ndalu na anataka kuirudisha pole pole kabla hujajua, usikasirike. Alilia kwa hiyo ng'ombe yangu. Wewe hukulia."

"Ile siku ulisimama hapa ukasema, tukakuamini," akaendelea. "Leo umesimama hapa hapa na unasema ingine. Sasa tukuamini ya siku gani?"

Akarudi kwenye foleni.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja Kitale. Wairimu alikuwa dukani, ananawa mikono. Alinikaribisha, akaniwekea kiti na chai, kama siku yoyote. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna Ijumaa moja nilitaka kukuambia saa ya mashine yako imebaki nyuma," akasema. "Niliiona kwa mbali. Nikasimama nikuonyeshe. Ukafunga kioo."

"Nikumbushe ilikuwa lini."

"Ilikuwa kila Ijumaa, Barasa."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na nilimwamini, kwa sababu alisema huku akitafuta sukari, bila kunitazama usoni. Nikamwomba turudi kufanya kazi kama zamani. Akatikisa kichwa.

"Ng'ombe ikikushinda nipigie, nitakuja. Hata usiku," akasema. "Lakini hayo mambo ya mashine mbili, hapana. Kila mtu na yake."

Alifungua kabati akatoa diski moja ya sidii kwenye bahasha. Alikuwa ameweka humo kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta yake: mafaili yangu, yake, wafugaji wa Kitale wote kwa majina na simu zao, na zile kadi za Ndalu alizonakili moja moja kwa mkono na kuzichapa.

"Chukua yote, hata yangu," akasema. "Sitaki siku moja useme kuna kitu nilibaki nayo."

Nilifika Bungoma jua likiwa bado juu. Sikumwamkia mke wangu. Nilifungua kufuli, nikatia sidii kwenye mashine, nikaanza kupitia jina baada ya jina, Ndalu, Bokoli, Webuye, nikilinganisha na kadi zilizokuwa kichwani mwangu, nione ni lipi aliloliacha. Nilifanya hivyo mpaka chai aliyoniletea Nasambu ikapoa. Hakukuwa na hata moja lililokosekana. Nasambu alisimama mlangoni, akaniuliza natafuta nini.